Mke wa Siku ya Bodi

Nyinyi mliopata kazi juzi katika ofisi za ardhi, tegeni sikio kabla hamjaanza kugonga mihuri. Mimi ni Zuhura, mzaliwa wa Voi, na sikuwahi kuwa mkubwa wa mtu yeyote. Nilikuwa karani wa Bodi ya Ardhi mpaka nilipostaafu. Nilianzia hapa hapa Voi, nikapelekwa Taveta, nikamalizia Wundanyi kule juu, na baridi ya huko nimeshuka nayo magotini. Watu hudhani karani wa ardhi ni mtu wa makaratasi. Karani wa ardhi ni mtu wa nyuso. Asiyejua kusoma uso ataandika kwa mwandiko mzuri mambo yatakayowaliza watu.

Kwa asiyewahi kuingia ndani ya bodi, mambo huenda hivi. Shamba haliuzwi kama kuku. Anayeuza na anayenunua hufika mbele ya bodi, siku moja katika mwezi, na mwenyekiti ambaye ni mtu wa serikali hukaa pamoja na wajumbe kutoka vijijini. Muuzaji huulizwa kwa nini anauza, na watoto atawaweka wapi. Kisha huja swali lile. Mwenyekiti humgeukia mke na kumwuliza, "Mama, umekubali?" Akisema ndiyo, yamekwisha. Akikataa, mnunuzi hata aje na gunia la noti atarudi nalo kwake. Fikirini basi: mama ambaye pengine hajaulizwa neno na mtu tangu aolewe, siku hiyo serikali nzima inamngoja yeye afungue mdomo.

Ndiyo maana siku ya bodi chai ilikuwa hainipiti kooni. Wenzangu wa ofisi nyingine walikuwa wakinitania, "Bi Zuhura, leo umefunga?" Nami nikiwajibu kwamba sijafunga, nimefungwa. Kosa la karani wa duka hurekebishwa jioni ile ile. Kosa letu sisi ni nyumba ya mtu.

Na wanaume walitupigia meza, usiniambie. Mmoja wa Mahoo, nikiwa Taveta, alinijia juu kwa sauti mpaka walinzi wakachungulia.

"Karani, jina kwenye hati ni la nani?"

"Lako, baba."

"Basi mke anaulizwa nini?"

Nikamwambia sheria inaliheshimu jina lake, lakini ikiona mke na watoto wanalala humo, inataka kusikia kutoka mdomoni mwa mke pia. Akaniambia wao hawakufunga ndoa kanisani, walioana kienyeji tu. Nikamjibu kuwa mahari yakitolewa na wazee wakala na kunywa, hiyo ni ndoa, sawa na ya padri, na sawa na yetu ya kadhi. Alinitazama kana kwamba nimemwibia. Na mimi, mtu wa hasira za karibu, nilimtazama vile vile mpaka akainamisha macho. Hilo msiliige. Karani hashindani na mwananchi kwa macho.

Sasa mwanamume akishajua kwamba mke lazima aulizwe, na mke wa nyumbani hatakubali, atafanya nini? Hapo ndipo alipozaliwa yule tuliyekuwa tukimwita mke wa bodi. Ni mwanamke wa kutafutwa, analetwa siku ile, anasema ndiyo, anakula chipsi, anarudi kwao. Mwenye nyumba yuko shambani anapalilia mahindi, hana habari kwamba shamba limeshauzwa chini ya miguu yake.

Wengine walikuwa vichekesho. Yupo bwana wa Chala aliyemleta dada yake wa kuzaliwa, akasahau kumfunza mtoto waliyekuja naye. Mwenyekiti akiwa katikati ya swali, mtoto akamvuta yule mama leso na kusema, "Shangazi, nataka kwenda choo." Tulicheka mpaka mjumbe mmoja akatoka nje. Mwingine alimleta mama mmoja nadhifu kabisa, akaulizwa ana watoto wangapi, naye akamgeukia yule bwana na kumnong'oneza, "Tulisema wangapi?" Bwana akaokota kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Lakini wengi hawakuwa vichekesho. Wengi walijifunza majibu wakayashika, na huwezi kumkamata mtu kwa kuwa amejibu vizuri.

Aliyenifundisha kuwakamata ni mjumbe mmoja wa bodi ya Wundanyi, Mwalimu Mkamburi, mama wa upande wa Werugha aliyekuwa amestaafu ualimu wa shule ya msingi. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, na mkoba wake hakuuweka chini hata siku moja. Kanisani kwao alikuwa kiongozi wa akina mama. Siku yangu ya kwanza aliniambia, "Mswahili, usiwasikilize. Waangalie." Akanieleza kwamba mke wa kweli hamtazami mumewe anapoulizwa, humtazama mnunuzi, kwa sababu huyo ndiye anayekuja kulala mahali pake. Mke wa kweli humkatiza mume. Akisikia mume amesema shamba lina miparachichi mitano, atasema mmoja ulikauka. Mke wa kuletwa hukaa karibu mno na bwana, magoti yakigusana. "Sisi tulioolewa zamani," Mwalimu akasema, "tunakaa mbali kidogo, tupate hewa." Mambo hayo niliyatumia mpaka nikastaafu, na yaliniokoa mara nyingi kuliko sheria zote nilizozisoma.

Siku ninayotaka kuwasimulia, mambo hayo yalikuwa hayatoshi.

Alikuja bwana mmoja, Mwadime, mtu wa Mwanda. Sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa fundi wa reli huku Voi, na Mwanda alikuwa akipanda mwisho wa mwezi kama wanaume wengi wa milimani. Alitaka kuuza shamba lake lote la Mwanda pamoja na nyumba, anunue kiwanja mjini karibu na barabara kuu. Wala hakuwa mtu mbaya wa kutisha. Alikuwa mpole, mcheshi, ameshika kofia mbele ya kifua. Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa mjini, ameketi nyuma yake akitikisa mguu.

Na mke alikuwepo. Alikuwa na kitambulisho, na Mwadime alikuwa ameapa mbele ya wakili, kwa maandishi, kwamba huyu Wakio ndiye mkewe na ndiye anayeishi naye katika nyumba ile. Siku hizi mnadai picha, mnamwita mzee wa kijiji, mnapiga simu. Wakati ule kiapo kilitosha. Chifu wa huko alikuwa mgeni, ameletwa karibuni, hakuwa akiwajua watu. Bodini hakuna aliyetoka Mwanda.

Mwenyekiti wetu alikuwa kijana kutoka magharibi, mchapakazi, na siku hiyo nje kulikuwa na foleni mpaka kwenye lango. Akaanza.

"Mama, wewe ndiye mke wa huyu mzee?"

"Ndimi."

"Unajua anauza shamba la Mwanda?"

"Najua."

"Nyumba iko upande gani wa shamba?"

"Iko juu karibu na mwamba. Ukishuka ni mahindi, halafu migomba, halafu kijito. Maji tunachota hapo."

Alijibu vizuri. Alijibu vizuri mno, sauti moja tangu mwanzo mpaka mwisho, mfano wa mtoto anayesema shairi mbele ya mkaguzi. Lakini hilo si ushahidi. Nilimwangalia. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, uso wa mtu aliyechoka. Hakuwa amekaa karibu na bwana. Hakumtazama bwana wala mnunuzi. Alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe, na alikuwa akitetemeka.

Ilikuwa miezi ya ukungu, Wundanyi yote imefunikwa. Sisi sote ndani tulikuwa na masweta. Yeye alikuwa na gauni jepesi, leso begani na viatu vya wazi.

Mwalimu Mkamburi akaegemea mbele. "Mwanangu, umeshuka kutoka Mwanda asubuhi hii bila sweta?"

"Nilisahau, Mwalimu."

"Tulitoka mbio," Mwadime akadakia. "Nilikuwa namharakisha."

Mtu wa Mwanda kusahau sweta mwezi ule ni sawa na mtu wa Voi kusahau maji ya kunywa. Nilimtazama Mwalimu, naye akanitazama. Mwenyekiti akaangalia saa yake.

"Mwalimu, sweta si sheria," akasema. "Mama ana kitambulisho, ana kiapo, amejibu maswali. Tuendelee." Akanigeukia mimi. "Karani, andika."

Niliishika kalamu. Nilikuwa namwona mwanamke mwingine, nisiyemjua jina, mahali fulani juu ya kilima kile, pengine anakamua ng'ombe wakati ule. Na mimi karani sina kura. Kazi yangu ni kuandika linaloamuliwa. Nikisema neno, nasema kama nani? Na nikinyamaza, kesho huyo anayetikisa mguu anapanda na kufuli mpya. Nilisahau hata tarehe.

"Mwenyekiti, dakika moja," Mwalimu akasema. Akanyoosha mkono, akachukua jagi lililokuwa mezani, akamimina maji katika glasi na kuisukuma polepole mbele ya Wakio. "Mwanangu, nyumba ya watu inatoka mikononi. Tutasie kwanza, ndipo tuandike."

Hapa lazima nieleze. Mimi si Mdawida, yaani Mtaita wa milimani, na dini yangu ni nyingine, kwa hiyo nasema kama nilivyoelezwa. Wadawida wana jambo wanaloliita kutasa. Huamini kwamba hasira ikifichwa moyoni mwa mtu wa nyumba, hailali. Itatoka imle mtu. Mtoto ataugua, ng'ombe atakufa. Basi mwenye moyo mzito huchukua funda la maji, au la pombe ya miwa, akalipuliza nje kwa mdomo huku akitamka kwamba hasira imetoka, moyo ni mweupe, nyumba na ipoe. Akitasa na huku hasira angali nayo, amejiitia balaa, yeye na watoto wake. Makanisa yamejaa kule milimani, na nyimbo zao nzuri, lakini hilo halijahama.

Mwenyekiti alielewa haraka kwamba ni mambo ya mila. "Mwalimu, hii ni ofisi ya serikali."

"Najua, mwanangu. Na haya ni maji ya serikali."

Hakuna aliyecheka. Wakio alikuwa akiitazama ile glasi. Mwadime akainama akamwambia jambo kwa Kidawida, kwa sauti ya upole. Mjumbe aliyeketi karibu nami aliniambia baadaye alichosema: ni maji tu, tasa twende.

Mwanamke akainyanyua glasi. Maji yakamwagikia meza na kulowesha karatasi zangu, nami sikuzifuta. Akatia funda mdomoni. Mashavu yakajaa. Akasimama hivyo hivyo, macho yamemtoka, na chumba kizima kikamngoja apulize. Mnunuzi akaacha kutikisa mguu. Nilijikuta naomba kimoyomoyo, na sikuwa najua naomba nini.

Hakupuliza. Aliyameza.

"Siwezi," akasema.

"Wakio," Mwadime akasema.

"Siwezi kutasa. Hasira niko nayo." Akaweka glasi mezani, na sasa sauti haikuwa ile ya shairi tena. "Mwenye hiyo nyumba yuko Mwanda, anaitwa Mghoi. Mimi ni mtu wa Mbololo, naishi Voi. Nyumba hiyo sijawahi kuiona na macho."

"Kaa chini, wewe!"

"Sikai. Miaka yote nakufulia, nakupikia, nakuzalia. Hujawahi kuniita mke mbele ya mtu. Kwa majirani unasema mama watoto. Mamako alipokufa ulipanda kuzika peke yako, ukaniambia nibaki, watu wasiulize. Leo ndiyo umeniita mke. Mara ya kwanza, mbele ya serikali. Na umeniitia nini? Nimtoe mwenzangu kwa nyumba yake!"

Basi huyu hakuwa mke wa kukodiwa, jamani. Hapo ndipo nilipohisi maji ya macho yananilenga. Katika miaka yangu yote niliona wanawake walioletwa kwa soda na nauli. Huyu aliletwa kwa lile neno alilolingoja maisha yake yote.

Mwadime alikosea jambo moja. Alihitaji mwanamke anayekijua Kidawida, asije akashindwa na salamu za wazee, naye akamchukua wa kwake. Angemleta mgeni asiyejua kutasa ni nini, yule angepuliza maji yale mpaka ukutani na kuomba mengine.

Mwenyekiti alikuwa ameshika simu. Aliyeapa uongo ana kosa, na aliyekubali kuwa sehemu ya uongo ana kosa, na kituo cha polisi hakikuwa mbali. Wakio aliona simu ile na akajua. Alikaa, akakunja leso magotini, akangoja.

"Mwenyekiti," Mwalimu akasema taratibu, "ukimfunga huyu leo, mwezi ujao nani atatuambia ukweli?"

Kijana yule akaiweka simu chini. Alilikataa ombi, akamwambia mnunuzi aende zake, na akamwambia Mwadime kwamba kile kiapo chake hakitachanwa. Kitakaa ofisini, na polisi watakiona au hawatakiona kutegemea mwenendo wake kuanzia siku hiyo. Mwadime alitoka bila kumngoja mtu.

Nilimkuta Wakio nje, upande wa ukuta, ukungu umemzunguka. Nikavua sweta yangu nikampa. Alikataa kwanza, kisha akaivaa.

"Karani," akaniambia, "huyo wa Mwanda sheria inamwita mke. Mimi sheria inaniita nani?"

Nilimweleza nilichokijua. Kwamba ikiwa Mwadime alimwoa Mghoi kienyeji, si kwa ndoa ya kanisa, basi sheria haimkatazi mke wa pili. Lakini huwi mke kwa kupika tu. Lazima iwepo ndoa. Kwamba mahakama inaweza kumsikiliza mtu aliyekaa na mwanamume miaka mingi, watu wakawachukulia kuwa mume na mke, ikasema basi hii ni ndoa. Lakini ni lazima aende ashtaki, alete mashahidi, na yule bwana anaweza kukana. Kwamba watoto ni habari nyingine kabisa: watoto ni wa baba yao na haki yao haiondolewi na jinsi mama alivyoingia.

Alifikiri. "Kwa hivyo watoto wangu wako ndani, mimi niko mlangoni."

Sheria ilikuwa ndivyo hasa alivyosema. Alishuka Voi na sweta yangu, na nilifurahi hakuirudisha.

Mngedhani Mwadime angeona haya akatulia. Wapi! Mtu akishakijengea kiwanja ghorofa kichwani, haya hupotea. Yule mnunuzi naye hakumwachia. Wakapanga ombi jipya, safari hii kwa mke halisi. Mwadime akapanda Mwanda, akakaa huko siku nyingi kuliko desturi yake, akachota maji mwenyewe, akamnunulia Mghoi leso mpya na sukari. Akamwambia watahamia mjini wote, kwenye stima na maji ya bomba. Mghoi alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Siku ya bodi nitakuja." Bwana akalala usingizi.

Kumbe habari ya yale maji ilikuwa imeshapanda kilima kabla yake. Mghoi akaaga kwamba anakwenda kumwona dada yake, akashuka Voi kumtafuta Wakio. Haya alinieleza yeye mwenyewe, tukiwa kwenye benchi la nje kabla hawajaitwa. Alikuwa mama mkubwa, sauti nzito, mikono ya jembe.

"Mama Karani, nilishuka na matusi yangu yote. Njiani nayapanga, nianze na lipi. Nikabisha hodi, akafungua msichana. Sura ya mume wangu, wallahi, vile nyinyi mnasema. Ile pua, hata vile anasimama. Matusi yakaniisha."

"Na mwenyewe?"

"Alikuwa anafua. Aliniona tu akanijua, akapiga magoti hapo kwa maji. Nikamwambia inuka, niambie, kwa nini uliyameza? Ungepuliza, saa hii ungekuwa kwa nyumba ya ghorofa. Akaniambia, 'Dada, ningekaa humo namna gani nikijua ulitokaje?' Nikakaa chini nikamsaidia kusuuza."

Nawaombeni, nyinyi wa sasa, mlishike hili. Kompyuta yenu itawaonyesha jina la mwenye shamba, mipaka, deni la benki, kila kitu. Haitawaonyesha nani analala wapi na moyo gani. Lazima muulize, na mkishauliza, mtulie mpaka mtu amalize kumeza mate. Haraka ya ofisi ndiyo imewatoa akina mama wengi majumbani kuliko wanaume wabaya.

Basi siku ya bodi ikafika. Mvua ilikuwa ikipiga mabati mpaka mwenyekiti akawa anapaza sauti. Mwadime aliingia amevaa koti, akiwa na mnunuzi wake. Aliketi akatabasamu, akageuka kumwonyesha mkewe kiti. Mghoi aliingia. Nyuma yake, amevaa sweta yangu, akaingia Wakio. Lile tabasamu la Mwadime lilibaki usoni kwa muda, halina mwenyewe.

"Mke wa mwombaji ni nani?" mwenyekiti akauliza.

Wakasimama wote wawili.

Wajumbe walinong'onezana. Mwenyekiti akanyanyua mkono. "Mama, wewe wa nyuma, tulikuona hapa. Ulisema nyumba si yako. Umekuja kufanya nini?"

"Nimemleta mimi," Mghoi akasema. "Huyu ni mke mwenzangu. Kama mume hakumleta nyumbani, nimemleta mimi."

"Mwenyekiti, huyo mwanamke si..." Mwadime akaanza.

"Subiri, mzee," mwenyekiti akamkatiza. Akafungua droo, akatoa kile kiapo, akakiweka mezani mbele yake. Hakukisoma. "Hapa uliapa kwamba huyu ni mke wako. Nakuuliza leo, na ufikiri kabla hujanijibu. Ni mke wako, au uliapa uongo?"

Nilimwona Mwadime akiyapima. Akisema si mkewe, basi aliapa uongo, na polisi wako ng'ambo ya barabara. Akisema ni mkewe, basi ndiye mke wa pili wa kuulizwa. Alimtazama Mwalimu Mkamburi, naye alikuwa amekumbatia mkoba wake akitazama mvua dirishani. Alimtazama mnunuzi, na mnunuzi akatazama viatu. Mwisho akamtazama Wakio. Nilikuwa karibu, nikaona alivyomtazama, na nadhani hakuwa amemtazama hivyo kwa muda mrefu.

"Ni mke wangu," akasema, chini chini.

"Mvua, mzee," mwenyekiti akasema. "Karani hajasikia."

Nilikuwa nimesikia. Kalamu nikaiacha hewani.

"Ni mke wangu!"

Wakio akajifunika uso kwa ncha ya leso, mabega yakawa yanatikisika. Mghoi alimshika kwa ule mkono wake wa jembe mpaka yule akatulia.

"Haya," mwenyekiti akasema. "Mama wa Mwanda, shamba liuzwe? Umekubali?"

"Sijakubali."

"Na wewe, mama wa Voi?"

Wakio akaondoa leso usoni. Hakumtazama bwana wala mnunuzi. Alinitazama mimi niliyekuwa na kalamu, akangoja mpaka alipoona nimeiweka kwenye karatasi, ndipo akasema polepole, neno baada ya neno, ili nisikose hata moja:

"Mimi, mke wake, sijakubali."